Imla, Nagata

Alikuwa na miaka sitini na saba alipoingia darasa langu la usiku,
vidole vimekakamaa kwa gundi ya viatu.
Daftarini aliandika Fumiko, jina la kiwandani.
Siku ya tatu akalifuta. Akaandika Mun-ja.
Kwao, akasema, ukilisikia tu, ni herufi.
"Baba aliniita Herufi, na shule hakunipeleka."

Mimi nilikuwa mwalimu wa kawaida: nasoma, wanaandika,
kisha naamuru, Tamka.
Yeye aliandika yote. Kutamka, hapana.
Nikadhani ni soni za utu uzima.

Hadi usiku mmoja wa Novemba, tukizima majiko,
akanisimulia daraja moja la Tokyo, mwaka wa tetemeko lile kubwa,
moshi ungali unafuka, uvumi umeshakuwa sheria:
Wakorea wametia sumu visimani.
Wanaume wenye mikuki ya mianzi wakampanga baba yake mstarini.
Tamka: yen kumi na tano, sen hamsini.
Aliyeteleza ulimi hakuvuka.
Baba alivuka. Alishikwa na kikohozi, wakachoka kumngoja.
Tangu hapo, nyumbani kwao, hesabu ilifanywa kwa vidole.

Sikumwambia babu yangu alikuwa wapi Septemba ile.
Kwetu palikuwa na mwanzi mrefu. Mama alianikia nguo.

Januari, alfajiri, Kobe ikakung'utwa kama mkeka.
Nagata ikawaka, mpira na gundi,
moshi mweusi wenye harufu ya viatu vipya.
Nilimkuta ukumbini shuleni, blanketi begani,
anachungulia dirishani: "Wale wanaume wenye fito, wanataka nini?"
Walikuwa wamebeba maji, ndoo mbili kila ufito.
Akawatazama hadi wakapinda kona. Hakukaa.

Kisha akaomba chaki. Ukutani, kwenye majina ya waliopotea,
akaandika la jirani yake, bibi Kuwahara, muuza tofu,
herufi zikiyumba, mkwaju mmoja umezidi.
Chini yake akaandika lake, zima,
ili bibi akitokea ajue nani alimtafuta.

Nikajaribu kulisoma kwa sauti, pamoja na la ukoo,
Eom, ambalo kinywani mwangu lilitoka Omu.
"Tamka tena," akasema.
Nikatamka. Akatikisa kichwa.
Akanimegea donge lake la wali, la baridi, nusu kubwa,
akaenda kutafuta ukuta mwingine.