Kofia ya Juni

Juni ilinisitiri.
Mwanjelwa nzima inavaa sufu hadi masikioni,
nani amuulize kijana wa miaka ishirini na sita
kofia hii ni ya baridi au ya aibu?
Niliuza viazi, nikacheka na wateja,
mvuke ukitutoka vinywani kama birika,
na utosi wangu ukalala gizani
kama mbegu isiyotaka kuota.

Oktoba ikaja na jua lisilobisha hodi.

Mashine ya Ambakisye ilipita juu, ikanguruma,
haikupata cha kung'ata.
"Lusekelo, hapa sina kazi," akasema,
"nitakutoza nusu."
Benchi lote likapasuka kwa kicheko.
Mmoja akaniita mheshimiwa,
mwingine akasema upara ni pesa, subiri tu,
nami mfukoni nina mia nne na kipande cha kamba.

Baba naye walimwita mheshimiwa.
Thelathini hajafika, kichwa kinang'aa
kama Loleza ukungu ukishanyanyuka.
Arobaini na moja, akifunga gunia Uyole,
mkono wa kushoto uliachia kamba
na haukuishika tena.

Dalili ya mvua ni mawingu, tumefundishwa.
Kwetu ni mawingu yanapoondoka.

Ambakisye alinong'ona akinipangusa shingo:
"Kapime presha, bwana."
Zahanati, nesi akanifunga mkono, akajaza upepo,
akaniuliza chumvi, chipsi, sigara,
na usiku nalala saa ngapi.
"Mia na hamsini na mbili," akasema taratibu,
kama anayetaja bei ya kitu nisichokimudu.
Nywele ndizo zimeleta?
Akatikisa kichwa.
"Nywele hazileti kitu. Pengine hubisha tu mlangoni.
Kwa wengi ukifungua hakuna mtu.
Kwako tumefungua."

Sasa viazi nachemsha, chumvi naihesabu kwa vidole.
Kupanda Loleza nimeishia nusu njia, mara mbili.
Utosi haujarudisha hata unywele mmoja,
wala sijauomba.

Jana nilimuuliza Ambakisye, na wewe umepima?
Akaitazama mashine, akapuliza meno yake yaliyo safi.
Ana nywele nene kama chai ya Tukuyu,
na shemeji yake anasema
usiku anakoroma hadi mbwa wanaamka.
Kinyozi hajinyoi.

Leo tumefunga kibanda, tuko foleni.
Benchi la saruji lina baridi ya asubuhi.
Kofia nimempa akalie.