Mia Tano kwa Herufi

Kibanda changu kipo Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
kati ya fundi baiskeli na muuza viungo.
Nimechora ng'ombe anayecheka juu ya bucha,
samaki asiyefanana na samaki yeyote,
KUKOPA KESHO, mara arobaini labda.

Jumanne akaja Zaharani Mbelwa
na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Amefungua mgahawa Chumbageni: viti vyeupe,
vitambaa vya meza alivyovifuata Mombasa mwenyewe.
Nikasoma:
MWENYE NGUO ZA KAZI HAHUDUMIWI.

Mkono ukaitangulia akili, ukahesabu.
Herufi ishirini na sita, mia tano kila moja,
elfu kumi na tatu.
Nyumbani unga umebaki wa jioni moja.

"Wakata mkonge," akasema, kama anayeomba radhi.
"Wanakuja Jumamosi kutoka Pongwe, mashati yana utomvu.
Na wabeba saruji; wakiinuka, vumbi linabaki limeketi.
Walimu na makarani wananikimbia.
Kodi nalipa mimi. Mkopo wa benki, mimi.
Kwani mlango wako wewe hufunguliwa na nani?"

Hakuwa mtu mbaya. Niandike na hilo.
Msiba wa mama alileta gunia la mchele, hakujitaja.

Nikaitazama suruali yangu:
buluu ya zahanati, nyekundu ya bucha,
kijani cha msikiti wa Makorora.
Nikamwambia, "Mlevi akimtukana binti anayehudumu, mtoe,
nitakuja kukushikia mkono mmoja.
Huyo umemtoa kwa alilotenda.
Huyu umemkuta mlangoni, pesa mkononi,
hajasema hata hodi.
Nitakuchorea birika, sambusa, jina lako kwa rangi ya dhahabu.
Hii, hapana."

Akacheka, si kwa furaha.
"Basi na wewe umenibagua.
Mteja mimi hapa, pesa hii hapa,
umenifungia mlango."

Nilitafuta jibu ndani ya kopo la rangi nyeupe,
nikalikoroga mpaka likatoa povu.
Nikasema: nimekataa maneno, sijakukataa wewe.
Alipokwishaondoka ndipo nikauona ufa.
Mkata mkonge naye ataambiwa vivyo hivyo:
tumekataa shati, hatujakukataa wewe,
kavue, urudi.
Akivua, chini ya shati kuna mkono uleule
na miba iliyovunjikia humo tangu masika.

Usiku Mwanapazi alisonga ugali wa kutosha watoto.
Hakuuliza. Sufuria iliuliza.

Ubao ulichorwa na kijana mmoja wa Mabanda ya Papa.
Ijumaa nikapita na baiskeli. Sitadanganya,
nilikwenda kwa makusudi.
Mistari imelala upande, rangi imelia,
na herufi moja imeanguka njiani:
HAUDUMIWI.
Ukisoma haraka, macho yanateleza hadi "haudumu".
Zaharani ameokoa mia tano.

Ng'ambo ya barabara wakata mkonge wanne
walikuwa wima na vikombe vidogo vya kahawa.
Mmoja alimtazama yule aliyepakwa rangi kama mimi, yaani mimi.
"Fundi, ile imeandikwaje?"
Nikamsomea.
Akaikodolea muda mrefu, midomo ikicheza.
"Inakosa herufi," akasema.

Mkono wa kulia uliniwasha njia nzima.