Amana

Theluji ya Aprili bado imekalia ngazi za baa ya Ruona
kama mlevi aliyekataa kwenda kwao.
Lempi anausukuma mlango wa nyuma kwa bega.
Zimebaki kasiki saba, anasema, chagua,
ila ile yenye muhuri wa mbweha usiiguse,
hiyo ni ya kiwanda, tuliwekea amana tu,
watakuja kuifuata.
Waino wangu hakuwahi kuiba hata kizibo.

Nagonga moja moja kwa kifundo cha kidole.
Debe tupu haliachi kuvuma, sawa,
lakini hii ya pembeni imenyamaza
na kimya chake kinanitia shaka:
ina pumzi ndani bado,
pumzi ya karamu fulani ya kiangazi
iliyofungiwa humo Waino akiwa hai.

Arobaini kwa hiyo kubwa. Kumi na tano kwa kile kipipa cha soda.
Nasema thelathini.
Anatazama viatu vyangu,
anatazama gari langu lenye mlango wa rangi ya kuazima.
Arobaini, anasema.
Nalipa.

Gerejini, kwanza ni pumzi.
Nimekiona kidari cha Arvo Keskitalo,
aliyeanza na msumeno kabla ya kuifungulia:
kile kichwa cha vali kilimpita sikioni
kikaenda kujichomeka darini,
na mkewe amekataza kisitolewe.
Basi nabonyeza kwa ncha ya bisibisi, polepole,
uso nimeugeuza kama afunguaye nepi.
Inapumua. Inapumua tena.
Harufu ya mkate uliolala,
ya makoti yaliyolowa, yametundikwa pamoja.

Kisha grinda, na cheche mpaka kwenye soksi.
Kifuniko kinaanguka, kinazunguka sakafuni
kama sarafu ya zimwi, hakitaki kulala.
Nausugua ukingo kwa tupa
hadi uache kutamani damu.
Chini natoboa tundu, nafunga bomba la shaba.
Babu yangu aliichimba shaba hiyo chini ya mji huu
akapanda juu na kikohozi;
mimi naipitishia togwa ya moto.

Sasa ni sufuria. Maji yanachemka
palipokuwa baridi miaka thelathini.
Kimea kinavimba, machicha nampelekea jirani mwenye kuku,
hopsi zinaingia na uchungu wao,
na kioo cha dirisha kinatoka jasho hata sioni ziwa.
Hamira nairushia mwisho, nafunika,
nakaa juu ya ndoo nikisikiliza.
Siku ya pili inaanza kusema.

Kile kidogo ndicho kilichonisumbua.
Kwa magadi nilikiosha. Kwa siki.
Nikabadilisha mipira yote mitano.
Bado ilinukia soda ya mizizi, ile ya watoto,
harufu iliyong'ang'ania chuma
utadhani chuma kina kumbukumbu.
Nikachoka, nikakijaza hivyo hivyo.

Juni nampelekea Lempi mtungi.
Anakunywa amesimama, mkono kiunoni,
kama mtu anayekagua kazi ya fundi.
Humu mna soda, anasema.
Nisamehe, nasema, niliosha.
Anakunywa tena.
Jumapili Waino aliwamiminia bure, anasema,
nanyi mkaniachia bilauri zinanata kaunta nzima.
Wewe ulikuwa na soksi moja.
Sikuzote moja.

Sikuwa na la kujibu.
Nje kuna mtu anashusha kibao cha baa,
skrubu zimeshika kutu, anatukana kwa Kifini.
Lempi anasuuza mtungi, ananirudishia,
bado una maji.
Ukizichoka zile kasiki, anasema, zilete.
Nitakurudishia arobaini yako.
Kifuniko lakini, kile ulichokata,
hicho nitakukata nacho.