Namba ya Rangi

Jumanne, ghorofa ya juu ya baa moja ya Coventry,
Alistair alisoma shairi, na mimi nimo ndani yake.
Nilijitambua kwa kilemba. Wiki iliyopita kilikuwa cha bluu;
yeye alikifanya cha dhahabu.
Kisha akaanza kunipika.

Ngozi yangu chokoleti. Sauti yangu asali.
Mdalasini mabegani, kahawa shingoni,
na kiunoni, sijui kwa nini, ngoma.
Nikajipapasa chini ya koti kuitafuta hiyo ngoma,
nikapata risiti ya sabuni na tiketi ya basi.
Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja akageuka kunitazama
kama mtu aliyekwisha kusoma menyu
na sasa anaiona sahani inakuja.

Mimi kazi yangu ni meno.
Maabara iko nyuma ya duka la mazulia;
nayatengeneza ya bandia, moja moja, kwa nta na kauri,
na kabla ya yote natafuta rangi.
Nina kibao chenye vipande kumi na sita,
na vyote kumi na sita watu huviita vyeupe.
Kuna rangi ya chai ya miaka arobaini.
Kuna ya sigara iliyoachwa juzi.
Kuna ya jino lililokufia mdomoni, mwenyewe hana habari.
Namsogeza mzee Hargreaves dirishani, maana taa hudanganya,
namwambia tulia, fungua, usicheke,
na sisemi maziwa, sisemi lulu.
Ningesema lulu, angeondoka na meno ya mtu mwingine.

Kwenye redio ya maabara yupo kijana
anayemwimba binti wa kahawia wa nchi ya jua.
Hana jina huyo binti. Ana nyonga, ana miguu mitupu,
ana chui, au yeye ndiye chui, gitaa limefunika.
Denise huongeza sauti: "Zuwena, wimbo wako huu!"
Kwa wema. Denise anayenichemshia maji ya chai,
aliyenipeleka nyumbani theluji ilipofunga barabara.
Nami hucheka. Nimecheka miaka kumi na moja.
Taya limechoka upande mmoja.

Wala sisemi kwetu tulikuwa salama.
Mjomba alipomtungia mchumba wake
alianza na halua, akamaliza na chungwa lililomenywa.
Mchumba akairudisha karatasi:
"Uliyemwandikia amekwishaliwa. Mimi nipo."
Ndoa ikachelewa mwaka mzima.

Basi Alistair akashuka jukwaani na jasho lake,
akaja mezani kwangu, bilauri mkononi.
Akauliza, umelipenda?
Nilikuwa na maneno. Niliyapanga tangu kwenye chokoleti:
kwamba asali hulambwa,
kwamba kahawa ikiisha kikombe husuuzwa,
kwamba na mimi naweza kumwita uji, tuone.
Lakini alisimama karibu, mdomo wazi, akingoja,
na mazoea yana nguvu kuliko hasira.
Kundi la pili, namba ya tatu, ikielekea kijivu.
Chonge zimelika, zimekuwa bapa kama za mzee,
naye hajafika thelathini na tano.

"Unasaga meno usiku," nikamwambia.

Akafunga mdomo. Akaufunika kwa kiganja.
Muda ukapita, mtu mwingine akawa anasoma
kuhusu mto, au kuhusu baba yake.
"Tangu mama alipofariki," akasema. "Umejuaje?"

Nimetazama.

Nikavaa koti. Kilemba changu usiku ule kilikuwa cha kijani,
kimetoboka karibu na sikio,
na tundu nililigeuzia upande wake
tangu saa moja.