Swali la Kumi na Nne

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
duka la fotokopi lina feni moja
nayo inampepea mwenye duka.
Sauko anaandika kwa vidole viwili,
mimi namtajia:
Zulfa binti Mhina,
amezaliwa Bombo, usiku, mvua za vuli,
anakwenda Ankara kusomea uhandisi wa maji,
anaanza Septemba, inshallah.

Bila bima hakuna kibali cha kukaa.
Bila kibali hakuna chuo.
Bila chuo—
"Mama, tuendelee," anasema Sauko.

Swali la tisa: anavuta sigara? Hapana.
La kumi na moja: ana mimba? Astaghfirullahi, hapana.
La kumi na nne:
Je, mwombaji ana ugonjwa wowote
uliokuwepo kabla ya mkataba huu?

Feni inageuka. Inarudi.

"Andika hapana," Sauko ananong'ona.
"Wote huandika hapana. Huko nani atamjua?"

Kabla.
Kabla ya mkataba kulikuwa na mimi
nikikimbilia Bombo na mtoto mgongoni,
saa nane za usiku, naye analia mifupa,
sauti imekauka kama bawaba isiyotiwa mafuta.
Kulikuwa na kadi ya kliniki, kona zimelika,
vidonge vya foliki ndani ya kopo la siagi,
na nesi Mwanakheri, aliyeujua mshipa wa Zulfa
kwa kuupapasa, umeme ukiwa umekatika.
Kulikuwa na baba yake na mimi,
kila mmoja kabeba nusu ya siko seli bila kujua.
Hakuna aliyetwambia tusioane,
wala tusingemsikia.

Nikampigia, simu nimeweka spika.
"Mama, andika ndiyo," akasema,
utadhani nimemuuliza wali au ugali.
"Nikianguka kwenye baridi ile
nataka daktari anayejua anishike wapi."

Jibu lilikuja baada ya siku tisa.
Watalipia mguu, ukivunjika kwenye barafu.
Jino, likiuma ghafla.
Miwani hawalipii.
Na akifa, watalipa nauli ya mwili wake
mpaka uwanja wa ndege ulio jirani na nyumbani.
Damu yake, hapana.

Nilisoma mara tatu.
Maiti anasafirishwa bure,
mzima ndiye mwenye gharama.

Mimi kazi yangu kupima maziwa, Pongwe.
Alfajiri watu hushusha madumu kwenye baiskeli;
nachota kidogo, natia spiriti, natikisa.
Yakiganda, nayarudisha.
Miaka kumi na sita nimerudisha madumu ya watu
bila kumtazama mtu usoni:
kipimo ndicho kilichosema, si mimi.

Siku ile Semhando alileta lita saba. Zikaganda.
Akasubiri. Nami nikasubiri.
"Ng'ombe ana nini?" nikamuuliza.
Akashangaa, kisha akaanza,
kiwele, homa, wiki ya pili sasa,
dawa ya duka la Muheza haikusaidia kitu,
na foleni nyuma yake ikaguna.
Maziwa sikuyapokea.
Ila nilimsikiliza mpaka akamaliza.

Zulfa aliondoka na vidonge vya miezi sita,
soksi za sufu jozi nane,
barua ya Bombo yenye mihuri miwili,
na pesa yangu yote ya mchezo, imeshonewa pindoni:
ya daktari, nikamwambia, hata kwa njaa usiiguse.

Sasa kila usiku ananitumia tarakimu mbili,
bila salamu, bila maelezo:
nyuzi za baridi ya huko
na glasi za maji alizokunywa.
Jana ilikuwa mbili, na kumi na moja.
Naziandika kwenye daftari la maziwa,
pembeni, kwa penseli.