Riwaya Pendwa

Mtambo wa Bhavesh, nyuma ya Mtaa wa Biashara,
mchana huchapa kadi za harusi,
na matangazo ya hitima yakija kwa dharura.
Kitabu changu kilipenyezwa katikati,
baina ya bibi harusi wa Kisauni
na marehemu wa Kuze:
nakala mia tatu, karatasi ya bei ya chini,
na ukurasa wa mia na kumi na mbili
kichwa chini miguu juu, katika kila nakala.
"Watadhani umekusudia," akasema Bhavesh.
Akanipunguzia elfu mbili.

Mchapishaji wa Nairobi alikuwa amenijibu kwa mistari minne:
lugha yako safi,
lakini sisi tunachukua kinachoweza kuingia shuleni.
Huyu mwanamke wako anayefufuka ndani ya kontena
atawafunza watoto maadili gani?

Nilikaa na swali hilo wiki nzima.
Mwanatumu, karani wa forodha, anauawa Jumanne.
Jumatano yuko kazini, amechelewa dakika kumi,
anamsaka aliyemuua ndani ya stakabadhi za mizigo.
Anafunza kwamba stakabadhi zisomwe.
Sina jingine.

Wataalamu wametupa jina: pendwa.
Kuna riwaya dhati, halafu kuna pendwa,
na hulitamka kama daktari atajaye upele,
kana kwamba kupendwa ni maradhi ya ngozi.

Mimi nilijifunza kusoma kwenye karatasi za bajia.
Bi Rukiya wa Bondeni alinunua vitabu kwa kilo,
akachana, akafungia.
Siku moja ukurasa uliishia mkono ukigusa kitasa.
Kesho yake nikarudi na pesa ya daftari,
nikala bajia mpaka tumbo likauma,
nikitafuta mlango ule.
Alikuwa ameshafika sura ya tisa.
Bado sijui nani alikuwa nyuma yake.
Ukiniuliza naandika kwa nini, ni hilo.

Binamu yangu Nassoro, mtu wa vina na mizani,
alinitumia ubeti kwenye simu:

    Binamu waandikani, hadithi za makontena,
    majini na mashetani, maiti wananong'ona?
    Rudi kwetu mizanini, uandike la maana,
    utakuja jibu nini, wajukuu wakiguna?

Ubeti mzuri. Silabi nimezihesabu, zimetimia.
Nimemtia katika kitabu cha pili,
anakufa sura ya tatu, vina vyake vikiwa salama.

Mwengine akaniambia: andika Kiingereza, dunia ikusome.
Nilijaribu kurasa sita.
Mwanatumu alikufa akafa kweli.

Nauza mwenyewe. Pesa huingia kwa simu,
vitabu nafunga kwa gazeti, napeleka steji ya basi,
Voi, Lamu, Taveta, mtu mmoja Garissa
aliyeagiza vitano na hakusema neno.
Mwezi uliopita nimekiona chote kwenye simu ya kinyozi wangu,
kimepigwa picha, ukurasa kwa ukurasa,
kidole gumba cha mtu kikionekana kila pembe.
Nilikasirika.
Kisha nikamuuliza amefika wapi.
"Usiniambie!" akasema, wembe shingoni mwangu.

Zimebaki arubaini na moja, chini ya kitanda.

Jana, saa tisa za usiku, simu ililia.
Mwambire, mlinzi wa ghala moja Shimanzi,
namba yangu kaitoa jalada la nyuma.
Hakunisalimu. Alisema muuaji nimemtoa mapema,
yeye alimjua tangu ile chai isiyonywewa.
Alisema alipofika mia na kumi na mbili
alikigeuza kitabu, tochi menoni,
akaona ndivyo hasa inavyotakiwa.
Nikashukuru. Akakohoa.
Akauliza kama lile kontena la kijani
lenye kufuli mbili nimelibuni au nimeliona.
Nimelibuni, nikasema. Hadithi tu, ndugu yangu.

Akanyamaza kitambo.
"Basi huyu anayegonga ni nani?"

Nilikaa na simu sikioni,
nami nikisikiliza.