Daktari Amenikataza

Jumatatu kilo ilikuwa elfu tatu na mia mbili.
Alhamisi Kiwera hakutaja bei,
aligeuza tu kibao, akaandika kwa chaki upande wa pili,
akajifanya anahesabu viberiti.
Nikamwuliza, hiyo nne na nusu umeiandika wewe
au imejiandika?
Akasema, Mama Ndeshi, mimi muuzaji tu.
Basi nipimie robo.
Robo hakuna, siku hizi nafunga vya mia tano.
Kifuko chenyewe ukikifungua kwa pupa
nusu inabaki kwenye fundo.

Na miwa ipo pale.
Ukipanda ukuta wa Elinami, hapa hapa Pasua,
utaiona kusini, kijani mpaka macho yachoke.
Usiku wakichoma mashamba
masizi yanakuja hadi kwenye kamba yangu ya nguo,
yanatua juu ya shuka, juu ya sare za shule,
marefu, meusi, mepesi kama nyusi.
Hayo hatupimiwi.
Hayo tunaletewa mlangoni bure,
sabuni ya kuyatoa ndiyo juu yetu.
Kaka yangu Ndelilio aliikata misimu minane.
Alirudi na kovu la panga kwenye ugoko
na mazoea ya vijiko vinne.

Nyumbani kwangu sukari imehama.
Zamani ilikaa mezani, kwenye bakuli la kioo la harusi,
ikitazamana na watu.
Sasa inalala kwenye kopo la maziwa ya unga
nyuma ya debe la mahindi,
na nimechora mstari wa penseli pale ilipofikia.
Sisimizi waliigundua kabla ya watoto.
Nikawakuta kwenye safu, kila mmoja na punje yake,
hakuna anayemsukuma mwenzake,
hakuna aliyeficha.
Nilipepeta, nikapuliza,
tukanywa chai pamoja na waliochelewa kutoka.

Uji nautilia ndizi mbivu ya kuponda.
Ndeshi akaonja, akaweka kikombe chini:
Mama, huu uji umesahau kitu.
Baba yake akacheka, kisha akanyamaza,
akaufuta mdomo wake kwa kiganja
kama mtu aliyeshiba.

Jumapili mama mkwe akashuka kutoka Kibosho
na mkungu wa ndizi kichwani.
Aikande, mama wa chai nzito,
anayesemwa ukooni kwamba kijiko chake husimama chenyewe kikombeni.
Nikatoa bakuli la kioo.
Nikafudikiza kisosi ndani,
nikamwaga sukari juu yake, nikaisawazisha kwa kidole
mpaka ikaonekana mlima.
Akalisogeza pembeni kwa mgongo wa mkono.
Daktari amenikataza, akasema.

Mke wa Kiwera naye daktari amemkataza.
Mzee wa kanisa aliyekuja kwa ajili ya mchango, amekatazwa.
Mwaka huu mtaa mzima umekatazwa
na daktari mmoja
ambaye hakuna aliyewahi kupanga foleni yake.

Lakini kijiko alikichukua.
Akakitumbukiza kwenye chai kavu, akakoroga,
akakoroga, kli kli kli,
taratibu, kwa heshima zote,
kama anayeyeyusha vijiko vitano.
Mama, nikauliza, unakoroga nini?
Hakuniangalia.
Nakoroga jirani asikie.

Nikaenda jikoni kumchemshia maharage.
Nilikaa kidogo zaidi ya maharage yenyewe.
Jioni, alipokwisha kupanda gari la Kibosho,
nikaja kuondoa vyombo.
Kikombe kitupu. Kijiko kimelala kwenye sahani.
Na kwenye ule mlima wangu wa uongo,
upande wa ukutani,
shimo moja dogo, lenye unyevunyevu,
upana wa ncha ya kidole cha mama mtu mzima.

Sikulisawazisha.